Taa Inayofumba Jicho Mara Mia kwa Sekunde

Miaka minne iliyopita ofisi yetu ilihamia jengo jipya. Kila mtu alifurahi: lifti inafanya kazi, vyoo visafi, na darini paneli nyeupe za LED zinazoangaza kama adhuhuri. Mimi nilifurahi kwa wiki moja. Wiki ya pili, ikifika saa tisa alasiri, jicho la kushoto linaanza kuvuta, kichwa upande huo kinapiga kama mtu anatwanga, na herufi kwenye skrini zinaogelea. Kipandauso ninacho tangu sekondari, tunajuana vizuri, lakini kilikuwa mgeni wa mara moja kwa mwezi. Sasa kikawa mpangaji.

Nilienda hospitali, nikaambiwa ninywe maji, nilale mapema, nipunguze mawazo. Macho yakapimwa, yako sawa. Ofisini nikaambiwa nipunguze simu. Ukiambiwa hivyo na watu watatu wanaokutakia mema, unaanza kuamini kwamba tatizo ni wewe.

Aliyenitoa huko ni fundi umeme, mzee mmoja aliyekuja kutengeneza soketi karibu na meza yangu. Nilimwamkia, kisha nikamwomba anizimie taa ya juu yangu kwa muda ule atakaokuwa pale. Akauliza kwa nini, nikamweleza. Hakusema kitu. Alitoa simu, akafungua kamera, akaielekeza darini. Kwenye kioo cha simu ile, juu ya paneli iliyoonekana imetulia kabisa, mistari myeusi mipana ilikuwa inatambaa kutoka juu kwenda chini.

"Unaona, mwanangu? Hii taa inapepesa. Jicho halioni, lakini inapepesa. Wameweka draiva ya bei rahisi."

Usiku ule nilianza kusoma. Nilidhani nitakuta kurasa chache za ushauri wa manunuzi. Kumbe nilikuwa nimeingia kwenye ugomvi wenye umri wa zaidi ya miaka 140, na mwanzoni kabisa, kwa bahati njema ya sisi wapenda vitabu, yupo mwandishi.

Neno kwanza. Nitasema "mpepeso", kutokana na kupepesa macho, maana taa hizi zinafanya hivyo hivyo: zinafumba na kufumbua. Tofauti ni kwamba sisi tunapepesa macho mara chache kwa dakika, na taa ya darini kwangu ilikuwa inafanya hivyo mara 100 kila sekunde.

Mwaka 1878 Paris ilikuwa na maonyesho makubwa ya kimataifa, na barabara ya Avenue de l'Opéra iliwekewa taa za umeme zilizobuniwa na mhandisi Mrusi, Pavel Yablochkov. Watu waliziita mishumaa. Zilikuwa na vijiti viwili vya kaboni vilivyosimama sambamba, na umeme uliruka kutoka ncha ya kimoja kwenda cha pili ukitoa mwanga mkali mweupe. Yablochkov alikuwa na shida moja: umeme ukienda upande mmoja tu, kijiti kimoja kinaliwa haraka kuliko mwenzake na taa inazimika. Suluhisho lake lilikuwa kutumia umeme unaogeuka, unaokwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, ili vijiti viliwe sawasawa. Huo ndio tunaouita mkondo geu. Ni suluhisho zuri la fundi, lakini fikiria maana yake kwa mwanga. Kila mara umeme unapogeuka, kuna nukta ambapo hauendi popote, na pale mwanga unayumba. Mpepeso uliingia mitaani kwa njia hiyo, ukiwa gharama ya kufanya vijiti viwili viishe pamoja.

Mwaka huohuo Robert Louis Stevenson, Mskoti ambaye bado hajaandika riwaya hata moja ya zile zilizompa jina, alichapisha insha ya kutetea taa za gesi, "A Plea for Gas Lamps". Alikuwa ameziona taa mpya za Paris na hakuzipenda hata kidogo. Aliona ni mwanga wa kutisha, unaofaa mahali pa mauaji na si mahali pa watu kutembea jioni na kuongea. Insha hii husomwa leo kama mbwembwe za kijana mwenye kuhusudu mambo ya kale. Mimi siisomi hivyo tena. Stevenson hakuwa mtu asiyejua taa: familia yake ilikuwa ya wahandisi wa minara ya kuongozea meli, babu na baba na baba wakubwa, na yeye mwenyewe alianza kusomea uhandisi Edinburgh kabla ya kukimbilia sheria na baadaye kalamu. Malalamiko yake yalihusu ukali wa mwanga zaidi kuliko mpepeso, hilo nakubali. Ila ni kati ya maandishi ya mwanzo ambayo mtu anayejua taa anasema waziwazi kwamba mwanga mwingi zaidi si lazima uwe mwanga bora zaidi, na kwamba mwili una haki ya kuulizwa.

Baada ya hapo mambo yalitulia kidogo, kwa sababu ya balbu. Edison alipofungua kituo chake cha Pearl Street, New York, Septemba 1882, alitumia umeme unaokwenda upande mmoja tu, kwa hiyo mpepeso wa mkondo geu haukuwepo. Lakini umeme wake haukuweza kusafiri mbali bila kupotelea njiani, na mkondo geu ukashinda. Sasa ikabidi watu waamue: ugeuke mara ngapi kwa sekunde? Hapakuwa na jibu la asili. Mitambo ya maporomoko ya Niagara, iliyoanza kazi 1895, iliwekwa kwenye mizunguko 25 kwa sekunde, ambayo iliwafaa wenye viwanda na mota kubwa. Wenye taa hawakufurahi. Kwa hezi 25 mpepeso wa balbu unaonekana kwa macho matupu. Hata hivyo sehemu za Ontario, Kanada, zilikaa na mfumo huo hadi miaka ya 1950. Marekani kwa ujumla ilienda na 60, Ujerumani na sehemu kubwa ya Ulaya 50. Sisi tulitawaliwa na Wajerumani na Waingereza, basi Tanzania na Kenya zina 50. Na kwa kuwa kila mzunguko una vilele viwili, cha kwenda na cha kurudi, taa inayofuata umeme wetu inapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Namba hiyo haikuchaguliwa kwa kumpima mtu yeyote kichwa.

Mbona basi bibi zetu waliosoma Kurani au Biblia chini ya balbu ya njano hawakulalamika? Kwa sababu balbu ile ni waya uliopata moto, na moto hauna haraka. Ukiacha kupepea jiko la mkaa, mkaa haugeuki mweusi palepale. Waya wa balbu nao, umeme ukishuka kwa sehemu ndogo ya sekunde, haupati muda wa kupoa kabla haujapanda tena. Mwanga unashuka kidogo tu. Joto lile tulilolilaumu kwa kula umeme lilikuwa pia linatulinda, na hakuna aliyeliorodhesha kwenye faida.

Tubulaiti ndiyo iliyoondoa ulinzi huo. General Electric ilianza kuziuza 1938, na kufikia miaka ya vita zilikuwa zinajaza viwanda na ofisi. Hapa mwanga hautoki kwenye kitu chenye moto. Umeme unapita kwenye mvuke wa zebaki, mvuke unatoa miale isiyoonekana, na unga mweupe uliopakwa ndani ya bomba unaigeuza kuwa mwanga. Unga huo unakumbuka kidogo, si sana. Ukiwa na choki ya zamani, ile nzito ya sumaku inayovuma, mwanga unafuata umeme kwa karibu na kushuka kila mara. Viwandani hatari ilikuwa ya wazi: chini ya taa kama hizo, gurudumu la mashine linalozunguka kwa kasi fulani linaweza kuonekana limesimama. Mafundi walijua, wakawa wanagawa taa kwenye nyaya tatu tofauti za umeme ili zisishuke kwa pamoja. Kwa hiyo wahandisi waliukubali mpepeso ulipotishia vidole. Kuukubali unapotishia vichwa kulichukua nusu karne.

Sehemu ya tatizo ilikuwa sayansi yenyewe ya jicho. Ilijulikana tangu karne ya 19 kwamba ukiongeza kasi ya mwanga unaowaka na kuzima, hufika mahali mtu anauona umetulia. Kwa watu wengi mpaka huo uko kati ya mara 50 na 90 kwa sekunde. Mia iko juu ya mpaka. Hitimisho likawa jepesi: usichokiona hakikusumbui. Anayelalamika ana wasiwasi, au hapendi kazi.

Utafiti uliovunja hitimisho hilo ulichapishwa 1989, na ningependa ufahamike zaidi kwa sababu ni wa werevu mkubwa na hauna makeke. Mwanasaikolojia Arnold Wilkins na wenzake walichukua jengo la ofisi Uingereza lenye tubulaiti. Baadhi ya taa zilibaki na choki za kawaida, zinazopepesa mara 100. Nyingine ziliwekewa choki za kielektroniki, zinazoendesha taa kwa kasi ya maelfu kwa maelfu kwa sekunde, kiasi kwamba mwanga hauna nafasi ya kushuka. Kisha wakabadilishana. Wafanyakazi hawakujua wako chini ya taa zipi, na aliyekusanya majibu naye hakujua. Wastani wa maumivu ya kichwa na uchovu wa macho ulipungua kwa zaidi ya nusu chini ya taa zilizotulia.

Kuna mambo mawili mengine kwenye utafiti ule ambayo huwa nawasimulia watu. La kwanza, maumivu yalipungua kadiri ofisi ilivyokuwa ghorofa ya juu zaidi, ambako mwanga wa jua unaingia vizuri na kufunika ule wa taa. La pili ni hili: watu waliachiwa waamue wenyewe kuwasha au kuzima. Taa zilizotulia waliziacha zinawaka kwa muda mrefu zaidi, kwa asilimia 30 hivi. Hawakujua ni zipi. Mikono yao ilijua.

Siku hizi tunaelewa vizuri zaidi kwa nini. Sehemu za nyuma ya jicho zinaendelea kuitikia mpepeso hata pale mtu anapoapa kwamba haoni kitu. Halafu jicho lenyewe halitulii. Unaposoma sentensi hii jicho lako linaruka kutoka neno hadi neno, na kila linaporuka chini ya taa inayopepesa, linachora nakala kadhaa za kitu kimoja badala ya mstari mmoja. Ukitaka kujua, tazama taa za nyuma za baadhi ya magari usiku huku unahamisha macho haraka: utaona vidoa vyekundu vimejipanga. Wilkins huyohuyo, pamoja na James Roberts, alionyesha 2013 kwamba wakati wa miruko hiyo watu wanaweza kuutambua mpepeso wa zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde. Mpaka wa 90 ulikuwa mpaka wa jicho lililosimama, na jicho lililosimama halisomi.

Nitofautishe mambo, maana yanachanganywa. Mpepeso wa polepole unaoonekana ndio unaoamsha kifafa kwa wachache wenye kifafa cha mwanga. Desemba 16, 1997, Wajapani walishuhudia hili pale kipindi cha Pokémon kilipowaka nyekundu na buluu mara 12 hivi kwa sekunde na watoto 685 wakapelekwa hospitali. Ukali wa mwanga ni suala jingine tena: ndugu zetu wenye ualbino huumizwa na mwanga kwa sababu mboni haina rangi ya kutosha kuuzuia, na wao wanahitaji kofia na kivuli hata chini ya jua, ambalo halipepesi. Wagonjwa wa lupasi wana ugomvi wao na miale ya urujuanimno. Mpepeso wa haraka usioonekana ni wa kwetu sisi wa kipandauso na wa wengine wengi wanaoumia bila kujua jina la kinachowaumiza.

Sasa sikiliza kinachouma. Kufikia mwanzoni mwa karne hii ugonjwa ulikuwa umepata dawa. Choki za kielektroniki zilienea, zile za sumaku zikaanza kuondoka. Halafu ikaja LED.

Simlaumu aliyeigundua. Nick Holonyak alionyesha LED nyekundu 1962, na ile ya buluu, iliyowezesha mwanga mweupe, iliwapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia 2014. Inakula umeme kidogo mno ukilinganisha na balbu ya zamani, na anayelipa luku anajua hilo lina maana gani. Lakini LED ina tabia kinyume kabisa na waya wa moto. Haina kumbukumbu. Umeme ukikatika inazima ndani ya sehemu ya milioni ya sekunde, na ukirudi inawaka. Ni mtumishi mtiifu kupita kiasi: chochote umeme unachofanya, yeye anafuata. Kwa hiyo kila kitu kinategemea kile kisaketi kidogo kilichofichwa kwenye shingo ya balbu, ambacho mafundi wanakiita draiva. Draiva nzuri ina kapasita ya kutosha, yaani tangi dogo la umeme. Umeme ukishuka tangi linatoa, ukipanda linajaa, na mwanga haujui kilichotokea. Tangi hilo lina gharama, linachukua nafasi, na halipendi joto. Mtengenezaji anayetaka kuokoa senti chache kwa balbu moja, mara milioni moja, analipunguza au analiondoa. Balbu itawaka vilevile. Itaangaza vilevile. Itapepesa kuliko tubulaiti ya choki ilivyowahi kupepesa, hadi kuzima kabisa mara 100 kila sekunde.

Wakati huohuo sheria zilikuwa zinafunga mlango wa nyuma. Umoja wa Ulaya ulianza kuondoa balbu za waya sokoni Septemba 2009, kuanzia za wati 100. Kamati ya kisayansi ya Umoja huo ilikuwa imekadiria mwaka uliotangulia kwamba watu wapatao 250,000 Ulaya wenye ngozi au macho yanayoathirika wangeweza kuumizwa na miale ya balbu za kubana matumizi, zile za kujizungusha. Mpepeso haukupewa uzito. Marekani ilipitisha sheria yake 2007, na utekelezaji kamili ukafika Agosti 2023. Nilisoma maelezo ya watu waliokuwa wananunua balbu za zamani kwa makatoni na kuzificha chini ya kitanda, nikacheka, kisha nikaacha kucheka.

Viwango vilikuja baada ya bidhaa. IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, kilitoa mwongozo wake 2015. Kwa taa inayopepesa mara 100, tofauti kati ya kilele na shimo la mwanga isizidi asilimia 8 ukitaka hatari iwe ndogo, na asilimia 3 hivi ukitaka isiwepo. Hapo, taa inayozima kabisa ni 100. Ulaya ikaweka vipimo vyake kisheria kuanzia Septemba 2021. Kimoja, PstLM, kinapima mpepeso unaoonekana na hakitakiwi kuvuka 1. Cha pili, SVM, kinapima ule wa haraka: kiliruhusiwa hadi 0.9, na tangu Septemba 2024 ni 0.4. Ukikutana na balbu iliyoandikwa "haipepesi" bila namba yoyote ya hizi, ichukulie kama maneno ya mpiga debe.

Dukani kwetu namba hizi ni nadra kwenye boksi. Kwa hiyo nilirudi kwenye mbinu ya yule mzee, nikaiboresha kidogo. Kamera ya simu nyingi hujirekebisha ili mistari isionekane, hivyo unaisogeza karibu kabisa na balbu mpaka picha iwe nyeusi isipokuwa taa yenyewe. Hapo kamera inalazimika kufungua kwa muda mfupi sana, na mistari inajitokeza. Video ya mwendo wa polepole inaonyesha vizuri zaidi. Ukiwa huna simu, shika kalamu na uipepee haraka mbele ya taa: ukiona ukungu laini, sawa, ukiona kalamu nyingi zilizosimama kama feni, rudisha balbu.

Nilienda Kariakoo Jumamosi moja na orodha ya balbu sita. Kijana wa duka alikuwa na soketi yake ya kujaribia kwenye kaunta.

"Dada, unazipiga picha balbu?"

Nikamwonyesha. Ya kwanza mistari. Ya pili mistari, na ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote. Ya tatu safi. Ya nne na ya tano mistari hafifu. Ya sita safi. Kufikia hapo alikuwa ameshatoa simu yake mwenyewe na kuielekeza juu, kwenye taa anayokaa chini yake kuanzia asubuhi mpaka duka linafungwa. Akaitazama kwa muda.

"Na hii ya kwangu?"

"Na hiyo."

Nilinunua nne za aina ile ya tatu, mbili za nyumbani na mbili za taa ya mezani kazini. Ofisini niliandika barua na kuambatanisha video. Nikajibiwa kwa upole kwamba paneli zina dhamana ya miaka mitano na zinafanya kazi ipasavyo. Ya juu ya meza yangu walikubali kuizima. Kipandauso kimerudi kuwa mgeni. Mwezi uliopita mwenzangu wa meza ya jirani, ambaye kwa miaka hii yote alikuwa anakunywa panadol mchana na kulaumu kahawa, aliniuliza fomu ya kuomba izimwe ya kwake inapatikana wapi.